Chungu Kifudifudi
Sehemu ya tisa

Kile kiguu kilikuwa na vidole vinne.

Damari, mama yake Elisha, alivihesabu mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kidole gumba, kama mtu anayekagua dengu sokoni. Vinne. Na wewe uliyemwacha wiki iliyopita ameinamia gunia, mkono umezama humo hadi kwenye kiwiko, usidhani kwamba amekaa hivyo siku saba akikungoja. Kwake ulikuwa muda wa kumeza mate tu.

Ng'ombe ana kwato mbili. Mbuzi mbili. Punda moja. Katika ufukwe wote wa Mgimbu, hapa Ziwa Kitangiri, mnyama mwenye vidole vinne vinene namna hii, na ngozi isiyo na manyoya, ni mmoja tu, na wavuvi hawamtaji jina siku ya kuingia majini.

Ndama wa kiboko.

Na gunia lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa kalamu nene: NYAMA YA MEZA KUU.

"Mama Elisha!"

Alikuwa Ritha, mpishi mwenzake, anakuja na mwiko begani kama askari wa zamu. Damari akakisokota kile kiguu ndani ya pindo la kanga, akakifunga kiunoni, akasimama.

"Maji yamechemka mpaka yamechoka," Ritha akasema. "Nyama iko wapi?"

"Bado inatoka damu."

"Nyama isiyotoka damu ni mlenda. Lete." Kisha akamtazama kiunoni. "Mbona umefura upande mmoja?"

"Simu."

"Simu yako naijua. Hiyo ni redio."

"Ritha, sikia. Usitie hata kipande sufuriani mpaka nirudi."

"Meza kuu wanataka supu!"

"Wape karanga."

"Mgeni rasmi hana meno ya karanga, nimemwona akicheka."

Lakini Damari alikuwa ameshaondoka, anatembea upesi na mkono mmoja umeshika kiuno, kama mwenye uchungu wa kuzaa. Kwa miaka yake hamsini na minane, waliomwona walishangaa.

Kila Julai, mtama ukishaingia ghalani na ziwa likishajivuta nyuma na kuacha ufukwe mweupe, watu wa Mgimbu hufanya tamasha lao. Kwaya zinashindana, watu wazima wanakimbiza kuku hadi wanavunjika, na mwisho wa yote ni mbio za mitumbwi mpaka kwenye bendera iliyosimikwa majini na kurudi. Mwaka huu mwenyekiti wa kamati alikuwa Chrispin, yule aliyekwenda Sekenke kutafuta dhahabu akarudi na miwani myeusi. Miwani hiyo haivui hata gizani. Aliwatangazia watu kanisani na msikitini kwamba atachinja dume la ng'ombe ambalo Mgimbu haijapata kuliona.

Hilo la kutoonekana lilikuwa kweli. Dume halikuonekana.

Damari alimkuta nyuma ya turubai la wageni.

"Shikamoo, mama. Supu tayari?"

"Marahaba. Dume lako lilikuwa na vidole vingapi, Chrispin?"

Mwanamume akavua miwani. Macho yake yalikuwa madogo, mekundu, kama ya kuku aliyeamshwa kwa tochi.

"Punguza sauti. Unamwona yule aliyekaa kwenye kiti chenye kitambaa? Ni afisa wa wanyamapori. Amekuja kutuhutubia tuishi vizuri na viboko."

"Na wewe unataka kumlisha mmoja."

"Mama, mimi sikuua. Muulize mwanao."

Damari alihisi kile kiguu kimekuwa cha baridi ghafla kwenye ubavu wake.

"Mwanangu yupi?"

"Unao wangapi? Elisha. Juzi, kule kwenye matete karibu na bendera. Ndama alinasa kwenye wavu wake, akafa. Mwanao akaja kwangu analia kama mtoto aliyevunja mtungi. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, lete, tumpike, yaishe. Kitu kikishaingia tumboni hakuna wa kukipeleka mahakamani."

"Elisha hakuniambia."

"Mwanamume akiua humwambia mama yake?" Chrispin akarudisha miwani usoni. "Wavu ni wake. Maboya yana jina lake. Ukifungua mdomo, pingu hazitanipata mimi. Kapike, mama."

Aliyasema hayo kwa upole kabisa, kama anayemkaribisha uji.

Damari akageuka aende. Akapiga hatua mbili. Hatua ya tatu ikamshinda, maana neno moja lilikuwa limemfikia kwa kuchelewa.

"Ulisema matete ya wapi?"

"Ya kwenye bendera. Kwa nini?"

Ee Mungu wa Mgimbu! Mitumbwi yote ilikuwa inakwenda kuizunguka bendera. Na kiboko jike aliyepotelewa na mtoto haondoki mahali alipopotelewa. Hilo hata mtoto wa chekechea wa ufukwe ule analijua. Ila Chrispin alikuwa mtu wa mashimo ya dhahabu, maji aliyoyajua ni ya ndoo.

"Simamisha mbio," Damari akasema.

"Niseme nini kwenye spika?"

Damari akakaza kanga kiunoni. Akakimbia.

Ufukweni mitumbwi sita ilikuwa imepangwa, kila mmoja na mpiga kafi wake. Elisha alikuwa kwenye ule wa njano, miaka ishirini na mbili, kifua wazi ndani ya shati lisilofungwa, anacheka na wasichana wa kwaya. Hatua tatu kutoka kwake alisimama afisa wa wanyamapori na simu, anapiga picha.

"Elisha, shuka."

"Shikamoo, mama. Umeniletea supu?"

"Nimesema shuka."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Tumbo linaniuma. Nipeleke zahanati."

"Mwambie Ritha."

"Ritha ndiye aliyeniuma!"

Wasichana wakaangua kicheko. Hata afisa akacheka, kwa adabu. Damari akamwinamia mwanawe mpaka midomo ikagusa sikio.

"Juzi wavu wako ulinasa nini?"

Kicheko cha Elisha kikakatika. Akamtazama mama yake, kisha akamtazama afisa, kisha akatazama maji.

"Nitakwambia jioni," akanong'ona.

Ni kweli, Damari alijisemea. Chrispin kasema kweli.

Na hapo hapo ngoma ikalia, na spika mbili zilizoletwa kutoka Kiomboi zikaunguruma, na mitumbwi sita ikachomoka. Mkono wa Damari ukabaki umeshika hewa.

Mpiga ngoma alikuwa Mzee Chediel, mvuvi wa zamani mwenye vidole sita tu kwa mikono yote miwili. Vinne vilibaki ziwani, na hajapata kusema ilikuwaje. Alikuwa akipiga huku ametazama mbali, uso umekunjamana.

"Shikamoo, Mzee Chediel. Nyamaza hiyo ngoma."

"Marahaba. Nikinyamaza mimi, hilo dude la Kiomboi litaendelea. Hawatajua kitu." Akaelekeza kidevu kwenye bendera. "Umewaona ndege?"

"Siwaoni."

"Ndiyo nasema. Pale kwenye matete korongo hujazana kama kuku kwenye pumba. Leo hakuna hata mmoja tangu alfajiri. Kuna kitu kimelala chini, na kimeamka."

Damari akafungua pindo la kanga kidogo tu. Mzee akachungulia. Fimbo ya ngoma ikamponyoka.

"Nani?"

"Usiniulize nani. Niambie, atawaacha wapite?"

"Mwenye maji akifiwa hula hasira," Chediel akasema. "Ataacha mtumbwi wa kwanza ufike juu yake. Wa kwanza tu unamtosha."

Wa kwanza ulikuwa wa njano.

Sasa watu wa Mgimbu wana jambo lao, na ninalisema kwa ajili yako wewe unayesoma ukiwa huko Mkiwa unakula muhogo. Ziwa likimchukua mtu, mwanamke hubeba chungu hadi maji yanapokomea, akakilaza kifudifudi mchangani. Kikilala, ngoma hufa, wimbo hufa, jiko huzimwa, wanawake huketi chini. Mpiga kafi yeyote aliye majini akisikia ule ukimya hugeuka, na akiona wameketi hurudi, hata kama ana samaki nusu mtumbwini. Hakuna anayebisha.

Lakini chungu kina masharti mawili. Aliyekilaza lazima ataje jina. Na kikishalala, hakiinuliwi mpaka maji yamtoe mtu, mzima au maiti.

Chediel alimsoma usoni.

"Damari, usifanye. Kile si kitu cha kutishia watoto. Ukikilaza bure, maji yatadai yaliyoahidiwa."

"Mwanangu anaelekea kule."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia kwa sauti ndogo."

Damari hakungoja sauti kubwa. Jikoni kulikuwa na chungu kimoja tu, kile cha togwa ya mgeni rasmi, kimevalishwa majani shingoni kama bwana harusi. Akakikumbatia.

"We Mama Elisha!" Ritha akaruka. "Hiyo togwa ina siku tatu inaiva!"

Togwa ikamwagika. Ikatiririka kwenye majivu, ikachemka, ikanuka utamu ulioungua. Damari akapita katikati ya watu na chungu tupu mikononi, na kila alipopita maneno yalikatika vinywani, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika maji yanapokomea. Akapiga goti. Akakilaza.

Ritha alikuwa amemfuata mbio na mwiko, tayari kumtukana. Alipoona chungu kiko namna gani, mwiko ukashuka. Huyu ni Ritha ambaye katika maisha yake amecheka kwenye misiba miwili, na mmoja ulikuwa wa mumewe. Hakucheka. Akarudi hadi kwenye jenereta akaipiga teke ikanyamaza. Kijana wa spika alifungua mdomo kulalamika. Alipoona wanawake mia wanaketi mchangani kwa pamoja, akaufunga.

Ukawa ukimya. Mtoto mmoja alikohoa, akazibwa.

Ritha akaketi mkabala wa Damari, chungu katikati yao. Kuuliza ni kazi ya jirani.

"Nani?" akauliza.

Ufukwe mzima ulikuwa unasubiri jina.

"Mama Elisha. Nani?"

Angetaja jina gani? La mwanawe halikuweza kutoka mdomoni. La mtoto wa mwenzake lingekuwa dhambi. Akalitafuta jina ambalo hakuna mama aliye hai angelililia.

"Damari," akasema.

"Damari wa wapi?"

"Damari mama yake Elisha."

Wanawake wakavuta pumzi kama mvukuto. Ritha akamwinamia, na machozi yalikuwa yameshamjaa yule mcheshi.

"Mwendawazimu wewe," akanong'ona. "Umejiuza."

Kule majini mitumbwi ilikuwa imesita. Mmoja ukageuka. Wa pili. Wa tatu. Ule wa njano uliokuwa mbele ulikuwa umebakiza kafi kumi kufika kwenye bendera, na Elisha alikuwa amegeuza shingo, mkono juu ya macho, anatazama ufukwe ulioketi.

"Geuka," Damari akasema kimoyomoyo. "Geuka, baba. Geuka."

Akageuka.

Na nyuma yake, pale alipokuwa, maji yakajikunja. Hapakuwa na povu, wala mlio. Mkunjo mmoja mpana, laini, ulitoka kwenye matete ukamfuata kama ng'ombe anayemfuata mchungaji. Ukamfuata hadi nusu ya njia. Kisha ukalala.

Elisha alifika akiwa wa mwisho. Aliruka kabla mtumbwi haujagusa mchanga.

"Nani? Mama, nani amekufa?"

"Hakuna," Damari akasema, akasimama kumkumbatia. Na katika kumkumbatia fundo la kanga likalegea, kiguu kikaanguka mchangani kati ya miguu yao.

Kikagaagaa kidogo. Kikatulia mbele ya viatu vya afisa wa wanyamapori.

Afisa akakiokota kwa leso. Hakuwa anacheka tena.

"Mama, hiki umekitoa wapi?"

Damari akasema upesi, "Changu. Nimekiokota. Nimeua mimi."

"Wewe umeua kiboko?"

"Kwa mwiko," Ritha akadakia, kwa kumtetea mwenzake, na mambo yakazidi kuharibika.

"Mama, acha," Elisha akasema. Akamgeukia afisa. "Ndama alinasa kwenye wavu wangu, juzi. Ni kweli."

"Elisha!" Damari akalia.

"Alinasa akiwa hai. Nikaukata wavu kwa kisu, nikamwachia. Alikuwa anachechemea, akajificha kwenye matete. Chrispin alikuwepo, alikuja kutafuta samaki wa wageni, akaona yote. Akaniambia nisimwambie mtu, nitafungwa. Nikaogopa. Basi."

"Una shahidi?"

Watu wakatazamana. Halafu ngoma ikaburutwa mchangani, na Mzee Chediel akajitokeza nyuma yake.

"Wavu ule nimeushona mimi jana," akasema. "Tundu la urefu wa mkono, limekatwa kwa kisu, safi. Mtu aliyemuua mnyama wavuni hana haja ya kukata wavu wake mwenyewe. Sikuuliza. Niliona niungoje ukweli uje wenyewe, maana mimi mtu mdogo, nyumba yangu haina mlango mkubwa."

Damari akamshika mwanawe mashavu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alitaka kucheka. Mwanawe hakuua. Mwanawe yuko nchi kavu. Chungu na kilale, potelea mbali!

"Huyo mwenyekiti aje hapa," afisa akasema. "Na hilo gunia liletwe."

Ritha alikwenda jikoni mbio, akarudi polepole.

"Gunia halipo."

"Na Chrispin?"

Jibu lilitoka majini. *Chubwi.* Kafi ya mtu asiyejua kupiga kafi.

Wote waligeuka. Wakati ufukwe mzima ulipokuwa umeelekeza macho kwenye kiguu, mtu alikuwa amesukuma mtumbwi wa njano. Alikuwa ameketi vibaya, miwani usoni, gunia miguuni, anachota maji kushoto, kulia, kushoto. Alikuwa anatafuta penye kina ili azamishe nyama ile isionekane tena. Na penye kina, kwa mtu asiyelijua ziwa, ni pale palipowekwa alama.

Alikuwa anaelekea kwenye bendera.

"Chrispin!" Chediel akapaza sauti iliyopasuka. "Rudi! Tupa gunia urudi! Damu ya mtoto wake iko humo!"

Chrispin akainua mkono mmoja, kama anayepunga wapiga kura. Akaendelea.

Elisha alishaanza kusukuma mtumbwi mwingine.

"Wewe unakwenda wapi?" Damari akamkamata shati.

"Hajui kuogelea, mama."

"Na azame!"

"Akizama, nani atasema kwamba si mimi? Wavu ni wangu. Tundu lilishashonwa." Akamtazama, macho ya baba yake yale yale yaliyokuwa hayabishiwi. "Niachie."

"Nimetaja jina langu kwa ajili yako, Elisha! Chungu kimelala!"

"Ndiyo maana, mama. Nisipomtoa huyu majini, nani atakiinua?"

Akajipinda kama kambale. Mtumbwi ukaondoka, na shati likabaki mikononi mwa Damari, lina joto bado.

Damari akaingia majini hadi magotini. Ritha na wanawake watatu wakamshika mabega, maana aliyetajwa kwenye chungu, maji yanamdai. Akapiga kelele wakamshikilia. Elisha alikuwa anakata maji kwa kafi ndefu, kila pigo linamsogeza, mgongo wake unang'aa. Zikabaki hatua mia kumfikia Chrispin. Hamsini. Chrispin alikuwa amefika kwenye bendera, amesimama wima ndani ya mtumbwi, anahangaika kulinyanyua gunia.

"Usisimame!" sauti ya Elisha ikafika ufukweni, nyembamba.

Gunia likaingia majini.

Kwa muda wa kuhesabu kumi hakikutokea kitu. Chrispin akageuka, akainua mikono yote miwili juu, kama kusema: mmeona? Jua likamulika kwenye miwani yake. Elisha alikuwa amefika, kafi moja zaidi ashike ubavu wa mtumbwi wa njano.

Hapakuwa na upepo. Majani ya shingo ya chungu hayakutikisika. Bendera ya tamasha, iliyokuwa wima tangu asubuhi, ikainama kidogo pamoja na mti wake, kama mtu anayesalimia wakubwa.

Chini yake maji yakajikunja. Kisha ikalala.